Lexus NX, BMW X3 au Range Rover Evoque: lipi linamfaa mkazi wa Dodoma?

Mtu anayetafuta SUV ndogo ya kifahari iliyotumika hapa Dodoma huishia mara nyingi mbele ya majina matatu: Lexus NX ya kizazi cha kwanza, BMW X3 ya kizazi cha pili, ile inayojulikana kwa namba ya F25, na Range Rover Evoque ya kizazi cha kwanza. Kwenye matangazo ya yadi magari haya hupangwa pamoja kana kwamba ni ndugu, na kwa kuyatazama nje mtu anaweza kuamini hivyo. Yote yana viti vitano, yote huuzwa zaidi yakiwa na injini ya lita mbili yenye tabo, na yote yanamwahidi mwenye nalo heshima ya gari kubwa bila usumbufu wa kuliegesha. Hata ujazo wa injini za petroli umekaribiana kiasi cha kuchekesha: sentimita za ujazo 1,998 kwa Lexus, 1,997 kwa BMW na 1,999 kwa Evoque, zote zimejibana chini ya mstari wa 2,000 ambao wakusanya kodi wa nchi nyingi huupenda.

Wauzaji watakueleza kuhusu ngozi ya viti, paa la kioo na ukubwa wa ringi. Mimi naona swali la kwanza liwe kila gari lilijengwa juu ya msingi wa gari gani. Hakuna hata moja kati ya haya matatu lililoanza kutoka sifuri. Kila moja liliazima msingi, na msingi huo ndio unaoamua spea zitatafutwa wapi, fundi wa Kizota ataweza kufungua nini, na gari litafanyaje likikutana na tope la Bahi au kona za Nyang'oro.

Msingi wa kila gari

Evoque ilitangulia kuonekana Detroit, Januari 2008, ikiwa gari la maonyesho lililoitwa LRX. Lilikuwa na milango mitatu, paa lililoteremkia nyuma na madirisha membamba. Mwaka huohuo Ford iliiuza Jaguar Land Rover kwa kampuni ya Tata Motors ya India kwa dola bilioni 2.3, lakini chuma kilichokuwa chini ya umbo lile kilibaki kuwa cha ukoo wa Ford, msingi uleule uliobeba Freelander 2, Ford Mondeo na Volvo XC60 ya kwanza. Evoque za kuuzwa zilipoanza kutoka Halewood, karibu na Liverpool, Julai 2011, zilitoka katika kiwanda kilekile cha Freelander 2, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa uleule, milimita 2,660. Kazi waliyopewa wahandisi ilikuwa kushusha paa na kupunguza uzito bila kulinyang'anya gari uwezo wa porini. Kwa hiyo boneti na paa vilitengenezwa kwa aluminiamu, mlango wa nyuma ukawa wa plastiki ngumu, na tumbo la gari likaachwa juu ya ardhi kwa zaidi ya sentimita 21. Kina cha maji kinachoruhusiwa na kiwanda ni milimita 500. Anayeicheka Evoque kuwa ni gari la urembo tu hajawahi kuitazama chini.

Lexus nayo ilitanguliza gari la maonyesho, LF-NX, lililowekwa hadharani Frankfurt Septemba 2013, na gari lenyewe likazinduliwa Beijing Aprili 2014 chini ya mhandisi mkuu Takeaki Kato. Msingi wake ni wa Toyota RAV4 ya kizazi cha nne, ndiyo maana umbali kati ya ekseli zake nao ni milimita 2,660, sawa kabisa na RAV4 hiyo na sawa na Harrier ya mwishoni mwa 2013 ambayo mtaani imezoeleka kwa jina la Anaconda. Watani husema NX ni RAV4 iliyovaa suti. Wahandisi wa Lexus waliongeza sehemu za kuchomelea, wakatumia gundi maalumu ya kuunganishia mabati pamoja na uchomeleaji wa leza ili bodi isitikisike, wakaifunika ndani kwa vifaa ambavyo RAV4 haijawahi kuviona. Hata hivyo utani ule una ukweli, na kwa mnunuzi wa Dodoma ukweli huo ni sifa. Vitu vingi vinavyochakaa vimebaki ndani ya ukoo ambao maduka yetu ya spea yanaujua kwa miaka mingi, hadi saizi ya tairi la 225/65R17 ambalo hukosi kulipata mjini. Wazo la kuweka anasa juu ya msingi wa gari la kawaida, kwa kweli, si geni kwetu: Harrier ya kwanza ya Desemba 1997, iliyouzwa ng'ambo kama Lexus RX 300, ilitokana na mitambo ya Camry, na mrithi wake ndiye huyo tunayemwita, kwa heshima zote, tako la nyani.

BMW ilipita njia nyingine. X3 ya kwanza, ya 2003, iliundwa kwa ushirikiano na kampuni ya Magna Steyr huko Graz, Austria, kwa mitambo ya 3 Series, na ililalamikiwa kwa ugumu wake barabarani. Kizazi cha pili kilichoanza 2010 kilihamishiwa kwenye kiwanda cha BMW chenyewe cha Spartanburg, South Carolina. Umbali kati ya ekseli ulifika milimita 2,810, yaani sentimita 15 zaidi ya wenzake, na tofauti hiyo utaihisi magotini ukikaa nyuma. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba injini ya X3 imelazwa kwa urefu wa gari, wakati za NX na Evoque zimelazwa kwa upana. Kwa mpangilio wa X3 nguvu huanzia nyuma, na xDrive, mfumo wa BMW wa kuendesha magurudumu yote manne, katika hali ya kawaida hupeleka asilimia 40 kwenye magurudumu ya mbele na 60 kwenye ya nyuma. NX na Evoque huvutwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma huitwa kusaidia pale yanapohitajika. Dereva anayelijua gari ataitambua tofauti hiyo kwenye kona ya kwanza.

Injini, na mahali fundi anapofikia

Hapa ndipo pesa hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

NX 200t ndilo gari la kwanza la Lexus la petroli kufungwa tabo. Injini yake, 8AR-FTS, hutoa nguvu farasi 238 na torki ya Nm 350, na ina mambo mawili ninayoyapenda. La kwanza ni kwamba hunyunyiza mafuta kwa njia mbili, moja kwa moja ndani ya silinda na pia nyuma ya valvu za kuingizia hewa. Mnyunyizo huo wa pili husaidia kuosha valvu, ambazo kwenye injini nyingi zenye mnyunyizo wa ndani pekee hujaa masizi baada ya miaka kadhaa. La pili ni kwamba injini hiyohiyo ilifungwa kwenye Crown Athlete kuanzia 2015 na kwenye Harrier kuanzia maboresho ya 2017, kwa hiyo si mgeni wa peke yake mjini. Giaboksi yake ni ya gia sita. Kwenye karatasi inaonekana ya kizamani mbele ya gia nane za X3 na tisa za Evoque, lakini gari linalotarajiwa kuishi miaka kumi mingine mbali na wakala halidhuriwi na giaboksi rahisi. Tahadhari moja tu: huko Japani 200t imeandikiwa petroli ya daraja la juu, wakati ndugu yake wa haibridi, NX 300h, imeandikiwa petroli ya kawaida. Ukinunua ya tabo, chagua kituo cha mafuta chenye wateja wengi na ukizoee.

NX 300h hutumia injini ya lita 2.5 isiyo na tabo, 2AR-FXE, ileile iliyomo kwenye Harrier haibridi na Camry haibridi, ikisaidiwa na mota za umeme. Haina staata ya kawaida wala alteneta, hivyo vitu viwili ambavyo hurudisha magari mengi gereji havimo kabisa. Kwenye toleo la magurudumu manne hakuna propela shafti inayopita chini; ekseli ya nyuma ina mota yake ya umeme ya kilowati 50. Ni suluhisho zuri kwa barabara yenye utelezi, lakini si la kuzamia kwenye mchanga wa korongo kwa nusu saa.

X3 ndiyo yenye giaboksi bora kuliko zote, hilo nalisema bila kusita. Giaboksi hiyo ya gia nane, iliyotengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya ZF, hubadilisha kwa ulaini ambao wenzake hawaufikii, na ikibadilishiwa oili kwa wakati hudumu. Tatizo liko kwenye minyororo ya taimingi. Injini ya petroli iitwayo N20, inayopatikana kwenye xDrive20i na 28i, ilikuwa na reli za plastiki za kuongozea mnyororo ambazo hukauka na kuvunjika, hasa kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya 2015. Injini ya dizeli iitwayo N47, iliyokuwa kwenye xDrive20d hadi maboresho ya 2014, mnyororo wake uliwekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi. Fundi mzoefu akiletewa dizeli hiyo haanzi kwa kuchomeka kompyuta. Hutaka gari liwe limelala usiku kucha, hufungua boneti asubuhi, husimama upande wa kioo cha mbele na kumwambia mwenye gari, "Washa mkuu, usikanyage mafuta." Mkwaruzo unaosikika nyuma ya injini kwa sekunde chache za mwanzo, ambao huongezeka kidogo injini ikipandishwa hadi mizunguko 1,500 au 2,000, ndio huo mnyororo. Kuubadilisha kunataka giaboksi au injini nzima ishushwe, na kazi hiyo si ya kila gereji. Baada ya maboresho ya 2014 dizeli ilibadilishwa ikawa B47, na kama unataka X3 ya dizeli, anzia hapo.

Kwa upande wa Evoque, injini ya petroli ya lita mbili, Si4, inatokana na EcoBoost ya Ford na hutoa nguvu farasi 240 na Nm 340. Zilizotoka Uingereza mara nyingi ni za dizeli: ya lita 2.2, ambayo hutumia mkanda wa taimingi wenye muda wake wa kubadilishwa, au ya lita mbili ya ukoo wa Ingenium iliyoingia 2015, ambayo haipaswi kucheleweshewa oili hata kidogo. Hadi toleo la 2013 giaboksi ilikuwa ya gia sita. Kuanzia toleo la 2014 ikafungwa ZF ya gia tisa, iliyotangazwa kwa fahari kuwa ya kwanza ya aina yake kwa gari la abiria lenye injini ya upana. Za mwanzo zililalamikiwa kwa kusitasita na kugonga wakati wa kubadilisha gia, na nyingi zilitengemaa baada ya kuwekewa programu mpya. Kwa mtu wa Dodoma neno "programu mpya" lina maana ya safari ya Dar es Salaam, au fundi mwenye kifaa kinachofaa kweli, na wote wawili wanagharimu.

Dizeli za kisasa zina jambo lingine. Zote hukusanya masizi kwenye chujio la moshi, na chujio hilo hujichoma lenyewe pale tu gari linapokwenda mwendo wa kutosha kwa muda wa kutosha. Zilisanifiwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki ni 50. Anayesafiri Dar kila mwezi hatasumbuka sana. Anayetoka Ilazo kwenda kazini, akarudi kupitia sokoni, na gari lisipate moto vizuri wiki nzima, atawashiwa taa ya njano kwenye dashibodi mapema kuliko alivyotarajia.

Vumbi, joto na mwinuko

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, ilhali yenye tabo hujazia pengo. NX 300h itahisi mlima zaidi kuliko wenzake, ingawa mota za umeme hazijali mwinuko na huficha sehemu ya upungufu huo.

Vumbi ni adui mkubwa kuliko mwinuko. Chomoa filta ya kiyoyozi ya gari lolote linaloishi Nkuhungu au Nzuguni baada ya kiangazi kimoja, utaikuta nyekundu, nzito, na majani makavu yamenasa kwenye mikunjo yake. Kwenye 200t, X3 na Evoque hali hiyo itakuletea hewa dhaifu na harufu mbaya tu. Kwenye 300h ni habari nyingine, kwa sababu betri ya haibridi, iliyowekwa chini ya kiti cha nyuma, hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Tundu la kuvutia hewa liko sehemu ya kiti cha nyuma, mahali ambapo watoto hutupa jojo na mama huweka mkoba. Tundu likiziba au feni ikijaa vumbi, betri hupata joto, na joto ndilo linaloiua mapema. Katika mji unaofikia nyuzi joto 30 Oktoba na Novemba, mwenye 300h asafishe feni hiyo kila anapobadilisha oili, asiendeshe na madirisha wazi kwenye barabara ya vumbi, na asione kuwasha kiyoyozi kuwa ni ufujaji. Akifanya hayo, sioni sababu ya kuiogopa haibridi kama wengi wanavyoiogopa.

Evoque nayo ina kifaa kinachohitaji kukumbukwa: kiunganishi cha Haldex kinachopeleka nguvu nyuma. Kina oili yake na chujio lake, na mafundi wengi hulibadilishia gari oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, wakakisahau kabisa. Kikichafuka, magurudumu ya nyuma huacha kusaidia bila dalili ya wazi, na mwenye gari hugundua siku amekwama.

X3 haikufungwa Haldex, lakini kasha lake la kugawia nguvu linataka matairi manne yaliyochakaa sawasawa. Tabia yetu ya kununua matairi mawili leo na mawili mwakani haiifai. Matairi yakitofautiana kimo, kluchi iliyomo ndani ya kasha hufanya kazi bila kupumzika hata kwenye lami iliyonyooka.

Barabara za Dodoma na zinazotoka Dodoma

Kwa njia ya Dar es Salaam, kilomita 450 hivi kupitia Gairo na Morogoro, X3 haina mpinzani. Urefu wake, uzito uliogawanyika vizuri mbele na nyuma na ile giaboksi ya gia nane hufanya dereva ashuke akiwa na mgongo mzima. NX ni tulivu na imezibwa kelele vizuri zaidi kuliko zote, ila matoleo ya F Sport ni magumu kidogo kwenye rasta. Evoque iko katikati. Ringi za inchi 20 zinapendeza kwenye picha, lakini tairi lake lenye ubavu mfupi la 245/45 likiingia shimoni utalipia ringi. Yenye ringi za 18 ni chaguo la busara, hata kama shemeji yako atasema inaonekana ya bei rahisi.

Tofauti ya mafuta kwenye njia hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Haibridi hung'ara kwenye foleni, na Dodoma bado haina foleni za Dar. Inachopata ni vile vibao vya kilomita 50 kwa saa vilivyopangwa kila kijiji: kila unapopunguza mwendo Kibaigwa au Dumila, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Faida kama hiyo ni kubwa zaidi kwenye njia ya Iringa, mteremko wa Nyang'oro ukitoka Iringa kuelekea Mtera, ambako NX 300h huzuia gari kwa mota na kuziacha pedi za breki zikipumzika, hadi betri inapojaa. Ikijaa, injini huchukua kazi hiyo kwa kelele inayomshtua asiyeizoea.

Nje ya lami mpangilio hubadilika. Lexus NX tumbo lake halifiki milimita 190 kutoka ardhini, na bampa lake la mbele linachomoza mbele sana. Ukipita njia ya tuta katikati, ile inayochongwa na matairi ya malori, utasikia nyasi zikisugua chini. X3 ina takriban milimita 212, ambayo inatosha kwa njia nyingi za Chamwino na Kondoa wakati wa kiangazi. Lakini X3 nyingi huja na matairi yanayoweza kuendeshwa bila upepo, na kwa sababu hiyo hazina tairi la akiba. Jiwe likichana ubavu wa tairi kama hilo njia ya Kolo, hakuna kiraka kitakachosaidia, na saizi hiyo haipatikani dukani Kondoa. Wengi hubadilisha wakafunga matairi ya kawaida na kubeba la akiba kwenye buti, ambayo naona ni sawa kabisa.

Mbugani, kwenye ule udongo mweusi wa Bahi mvua za Januari zikishanyesha, Evoque ndiyo pekee kati ya hizi ambayo ningethubutu kuiendesha, na hata yenyewe kwa matairi yenye meno. Mfumo wake wa Terrain Response hubadilisha mwitikio wa injini, giaboksi na breki kwa kugusa kitufe cha tope, na pembe fupi za mbele na nyuma humruhusu dereva kushuka kwenye korongo bila kuacha bampa huko. Kama una shamba Bahi na unalitembelea msimu wa mvua, hoja ya Evoque inakuwa na uzito ambao haina kwa mtu wa Kisasa anayekwenda ofisini na kurudi. Nyuma, hata hivyo, dirisha lake ni finyu kiasi kwamba kurudi kinyumenyume bila kamera ni kubahatisha, na abiria mrefu atalalamika. Lile la milango mitatu ni la mtu asiye na familia.

Kodi, spea na uamuzi wangu

Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari likiwa bandarini. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000 na asilimia 10 kwa inayozidi hapo, kisha ushuru wa uchakavu wa asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililopita kumi, na mwisho kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Tuchukue thamani ya shilingi milioni 10 kurahisisha hesabu. Baada ya ushuru wa forodha inakuwa 12,500,000. Injini ya chini ya 2,000 itaongezewa 625,000. Ya NX 300h, yenye 2,494, itaongezewa 1,250,000, na Evoque ya dizeli ya 2.2 vilevile. Uchakavu wa asilimia 15 ni 1,875,000, na wa asilimia 30 ni 3,750,000. Umri, basi, ni ghali kuliko ujazo wa injini, na mtu anayekwepa haibridi kwa sababu ya lita 2.5 kisha akanunua 200t ya 2014 badala ya gari la karibuni zaidi amejikaba mwenyewe. Kumbuka kuwa baada ya maboresho ya mwishoni mwa 2017 NX 200t ilibadilishwa jina ikawa NX 300, injini ikiwa ileile. Usidhani ni gari la lita tatu. Viwango hivi hujadiliwa kila Juni hapahapa Dodoma, kwenye Bunge la Bajeti, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma pesa.

Kuhusu spea, mawakala wa Ulaya wako Dar es Salaam, na kinachokosekana Dodoma hupigiwa simu Kariakoo, kikapakiwa kwenye basi na kupokelewa stendi ya Nanenane siku ya pili. Kwa NX utaratibu huo hufanya kazi karibu kila mara. Kwa X3 hufanya kazi kwa vitu vya kawaida: pedi, filta, plagi, koili. Kwa Evoque mara nyingi jibu litakuwa "tuagize", na kuagiza ni wiki kadhaa gari likiwa limeegeshwa. Usisahau pia kwamba magari ya Japani huja na redio ya masafa ya huko na skrini inayozungumza Kijapani. Ya BMW hubadilika kwa urahisi zaidi kuliko ya Lexus, na Evoque iliyotoka Uingereza haina usumbufu huo.

Kwa mkazi wa kawaida wa Dodoma, mwenye familia, anayefanya kazi mjini au Mtumba na kusafiri Dar mara chache kwa mwaka, ningemshauri NX, na kati ya NX mbili ningeichukua 300h kama yuko tayari kulinda ile feni, au 200t kama anajua hatalinda. Anayeishi barabarani, mwenye fundi anayemwamini na pesa ya kubadilisha oili kila kilomita 8,000 hata kama kompyuta ya gari inasema bado, achukue X3 ya baada ya 2014 na hatajuta barabarani. Evoque ningeiacha kwa mwenye gari lingine nyumbani.

Ukishachagua, likague gari asubuhi kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji asiliwashe asubuhi kabla hujafika, na ukifika gusa boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna sauti ambayo hakutaka uisikie. Kwenye 300h inua kiti cha nyuma na uimulike feni kwa tochi ya simu. Kwenye X3 soma saizi na tarehe ya matairi yote manne, yawe ya aina moja. Kwenye Evoque dai risiti ya mara ya mwisho oili ya Haldex ilipobadilishwa, na muuzaji akikuuliza Haldex ni nini, anza kupunguza bei hapohapo.